Foto iliyokaa miezi saba: kisa cha kompyuta moja kwenye depo ya dawa, Lubumbashi

Aliyegundua ni mteja. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Oktoba, karibu saa tano asubuhi, siku zile za Lubumbashi ambapo joto limepanda na kila mtu anaangalia mbingu kuuliza mvua itaanza lini. Muuguzi mmoja kutoka Kipushi alisimama kwenye kaunta ya depo ya dawa katika komini ya Kenya, hapahapa mjini, akiwa na bunda la fakitire zake za mwaka mzima kwa sababu alikuja kulinganisha deni. Akapewa fakitire mpya. Akaisoma, akapekua bunda lake, akatoa nyingine akaziweka sambamba. Namba ileile. Dawa tofauti, tarehe tofauti, namba moja. Akaongeza kwamba bei ya paracetamol kwenye ile mpya ni ya zamani. Yeye hailalamikii, ila asije akapigiwa simu kesho kuambiwa aongeze pesa.

Mama mwenye depo akanipigia mimi, fundi wake wa kompyuta.

"Papa, stoku inasema tuko mwezi wa tatu. Wateja banasimama. Njo nini hii?"

Nilikuwa na jibu kabla hajamaliza kusema "mwezi wa tatu", na halikuwa jibu la kufurahisha. Mwezi wa tatu ndio nilioshika mashine ile mara ya mwisho kwa kazi kubwa, na siku hiyo, mkono ukiwa tayari kwenye mlango, nilimwambia Mama neno moja ambalo ndilo mzizi wa kisa chote.

Nieleze kwanza kilichokuwapo.

Depo ina kompyuta moja ya maana: kisanduku cha mezani chenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, viini vinne, RAM ya GB 16, na diski moja ya kuzunguka ya GB 500. Juu yake kuna Windows 10, na juu ya Windows kuna VirtualBox, programu inayoigawa kompyuta moja ya kweli iwe kompyuta kadhaa za kuigiza. Mafundi tunaiita kompyuta ya kweli mwenyeji, na zile za ndani wageni. Kila mgeni anadhani ana prosesa yake, RAM yake na diski yake. Ukweli ni kwamba diski yake ni faili moja kubwa tu ndani ya diski ya mwenyeji. Shikeni hilo la faili, maana ndipo tulipoumia.

Wageni walikuwa watatu. Wa kwanza ni Windows XP yenye programu ya zamani ya hesabu. Watu hucheka wakiiona, lakini ipo kwa sababu. Kongo ilijiunga na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012; mfumo wa hesabu uliorekebishwa wa SYSCOHADA ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, na depo ikahamia programu mpya. Vitabu vya kabla ya hapo vimebaki ndani ya programu ya zamani isiyokubali Windows yoyote ya leo, na sheria inataka vitabu na hati zake vihifadhiwe miaka 10. Basi XP inatunzwa kama kabati. Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, kwa hiyo kadi yake ya mtandao nimeizima kabisa. Inafunguliwa mtu akitaka kuona karatasi ya zamani, kisha inafungwa.

Wa pili ni Windows yenye programu mpya ya hesabu. Mhasibu huja mara mbili kwa wiki. Huyo hana kisa.

Wa tatu ndiye moyo wa depo, nimempa jina Stoku. Ni Debian, aina mojawapo ya Linux, yenye hifadhidata ya PostgreSQL na programu ya mauzo. Wauzaji wawili walio kwenye kaunta wanaifikia kwa kivinjari kutoka kompyuta ndogo za mkononi. Humo kuna idadi ya dawa, namba za kundi, tarehe za kuisha, bei kwa dola na kwa faranga, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%, na madeni ya zahanati zinazochukua mzigo leo na kulipa mwisho wa mwezi.

Mtu atauliza kwa nini si kompyuta tatu za kweli. Hesabu yake ni ya betri. Umeme ukikatika depo inaendelea kwa inveta, na kila kisanduku cha mezani na skrini yake kinanyonya betri zilezile zinazowasha friji ya chanjo na insulini. Kati ya friji na kompyuta ya pili, Mama hakuhitaji ushauri wangu. Mpango wa kompyuta moja ulikuwa sahihi, na hata leo nautetea.

Sasa lile neno. Mwezi wa Machi nilikuja kupandisha toleo la programu ya mauzo. Kabla ya kugusa kitu, nikafanya kile fundi yeyote mwenye akili hufanya: nikaenda kwenye orodha ambayo VirtualBox ya Kifaransa inaiita Instantanés, nikabonyeza, sekunde chache ikawa tayari. Toleo jipya likakaa vizuri. Mama akauliza kama hakuna hatari. Nikamjibu, "Hapana Mama, nimeshapiga foto. Kitu kikiharibika tunarudi."

Foto. Nililichagua neno hilo kwa sababu linaeleweka, na ndiyo shida yake. Foto ya mtoto ukiiweka kwenye albamu, mtoto anakua, foto inabaki. Ukiipoteza foto, mtoto yuko. Mama alielewa kwamba mahali fulani kuna nakala kamili ya Stoku imelala salama. Mpwa wake, anayesaidia pale dukani na anayejua kompyuta kiasi, alielewa hivyohivyo.

Kinachotokea kwenye diski ni kingine kabisa. VirtualBox hainakili kitu. Inachora mstari. Faili la diski la Stoku, kama lilivyo dakika ile, linafungwa lisiandikwe tena, na pembeni yake linafunguliwa faili jipya la tofauti. Kuanzia hapo kila kinachobadilika, fakitire mpya, bei mpya, deni lililolipwa, kinaandikwa kwenye faili la tofauti. Mgeni akitaka kusoma, VirtualBox inatazama kwanza kwenye la tofauti. Isipokuta, inarudi kwenye la zamani. Ni kama mwenye duka aliyefunga daftari lake kwa kamba na kuanza jipya, lakini jipya lina mistari iliyobadilika tu. Ukilitupa la zamani, jipya halina maana. Ukilitupa jipya, umerudi siku ya kamba. Hakuna lililo nakala ya mwenzake.

Foto ya namna hii inafaa kwa siku moja au mbili, kisha unaifuta kwa kupitia menyu ileile ya VirtualBox, nayo inayaunganisha madaftari mawili kuwa moja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi huyu mgeni sikumpa jembe. Nilipanda basi kwenda Kolwezi kwa kazi nyingine, nikasahau, akakaa miezi saba.

Na alikuwa mlaji. Faili la VDI, yaani faili la diski ya mgeni, linakua kwa vipande vya MB 1: Debian ikibadilisha herufi chache katika sehemu ambayo haijaguswa tangu mstari uchorwe, faili la tofauti linachukua MB 1 nzima. Tena nilikuwa nimepanga kila jioni saa kumi na moja na nusu hifadhidata itolewe yote, ikandamizwe, na nakala saba za mwisho zitunzwe. Zilitunzwa wapi? Ndani ya Stoku yenyewe, kwenye diski ileile pepe, ile ya kuigiza. Wakati ule niliona ni hatua ya kwanza, hatua ya pili ingekuja. Kila jioni faili jipya linaandikwa, la zamani linafutwa, lakini kwa VirtualBox kufuta ndani ya mgeni hakupunguzi kitu nje. Faili la tofauti likapanda, likapanda, hadi GB 104.

Diski ya GB 500 Windows inaionyesha kama 465. Baadaye nilikaa nikahesabu: Windows yenyewe 62, faili la Stoku la Machi 71, faili la tofauti 104, mgeni wa hesabu 58, XP 12, filamu na picha za simu za mpwa 110, na GB 44 za mgeni wa nne ambaye sikumjua, nitamfikia. Jumla 461. Zilibaki 4.

Jumanne saa tisa alasiri zikaisha. VirtualBox ilifanya jambo la heshima: diski ya mwenyeji ikijaa, haimwachi mgeni aendelee kuandika hewani, inamsimamisha na kutoa ujumbe kwamba ukishapata nafasi unaweza kuendelea naye pale alipoishia. Hapo hakuna kilichopotea bado. Mtu angehamisha filamu tatu kwenye diski ya nje, akabonyeza kuendelea, na leo nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Lakini ujumbe ulikuwa kwenye skrini ya kisanduku kilicho nyuma ya rafu, na wauzaji mbele waliona tu kivinjari kinazunguka. Mpwa akaenda nyuma. Akaona "diski imejaa". Akamzima Stoku kwa nguvu, akafungua folda, akapanga mafaili kwa ukubwa. La kwanza juu: jina lake ni mabano ya mawimbi na msururu wa herufi na namba, GB 104. Chini yake Stoku.vdi, lenye jina zuri, tarehe yake Machi. Windows ikasema faili hili ni kubwa mno kwa kapu la taka, litafutwa moja kwa moja, una hakika? Oui.

Nilipomuuliza, hakuficha.

"Yaya, ile haikukuwa na jina. Ilikuwa namba-namba tu. Nikasema ni takataka ya mashine."

"Na filamu? Juu ya nini haukufuta filamu?"

"Filamu nilizijua, yaya."

Sina la kumlaumu. Kati ya faili lenye jina la depo na faili lenye jina la kichaa, yeyote angefanya chaguo lake. Tena alijua "kuna foto". Kwa akili yake kulikuwa na faili kuu, foto mahali fulani, na uchafu. Alifuta uchafu.

Stoku akagoma kuwaka: faili halionekani. Jumatano alfajiri kijana akatafuta video, akaunda mashine mpya, akaipa Stoku.vdi kama diski. Ikawaka! Programu ya mauzo ikafunguka, wauzaji wakaingia, kazi ikaanza saa mbili. Kwa muda wa saa tatu nzima depo iliuza kwa bei za Machi, ikihesabu makasha ya Machi, ikitoa namba za fakitire zilizoishatoka Aprili. Hiki ndicho kipande kinachonitisha kuliko vyote. Mashine iliyokufa unaiona. Iliyofufuka na kumbukumbu za miezi saba nyuma inakutazama usoni na kukuambia mambo ni sawa.

Nilimwambia Mama kwenye simu: zima kisanduku, chomoa waya, mtu asiguse, andikeni fakitire kwa mkono. Faili likifutwa kwenye diski ya kuzunguka, data haifutiki palepale. Windows inaandika tu kwamba nafasi ile iko wazi, na data inakaa hadi kitu kingine kije juu yake. Kila dakika ya kuwaka ni kitu kingine kinachokuja. Saa tatu za asubuhi ile zilikuwa tayari zimekula sehemu.

Hapa kuna kinaya ambacho bado kinanichekesha kidogo. Kwa mwaka mzima nilimsukuma Mama anunue SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Angenunua, tungekuwa tumekwisha: kwenye SSD, Windows hupeleka amri ya TRIM mara faili linapofutwa, na vipande vyake kwa kawaida vinarudi sifuri muda mfupi baadaye. Ubahili wake, au tuseme busara yake ya pesa, ndio uliotuokoa.

Nilichomoa diski, nikaifunga kwenye kompyuta yangu ya Linux kwa adapta, nikaweka diski ya nje ya TB 1, nikatoa nakala ya sekta kwa sekta kwa ddrescue. Adapta ni ya USB 2.0, ilichukua zaidi ya saa nne. Kazi yote iliyofuata niliifanya kwenye nakala, diski yenyewe ikarudi ndani ya mfuko wake. Nalisisitiza hili kwa vijana wanaoanza: hujaribu dawa kwa mgonjwa pekee uliye naye.

Kisha ntfsundelete. Programu hii inasoma jedwali la mafaili la NTFS, mpangilio ambao Windows hutumia kwenye diski, na kuorodhesha yaliyofutwa ambayo rekodi zake zingali zipo, pamoja na asilimia inayoweza kurudi. Faili la mabano likatokea, 97%. Mama alikuwa amekaa karibu yangu na chai. Aliposikia 97 akapiga makofi. Sikupiga. Asilimia 3 ya GB 104 ni zaidi ya GB 3, na suala si ngapi bali zipi. Mwanzoni mwa kila VDI kuna ramani inayosema kipande cha ngapi cha diski pepe kimekaa wapi ndani ya faili. Ramani ikiliwa, 97% zilizobaki ni kifusi cha matofali bila nyumba.

Ramani ilikuwa hai. Nikaweka faili lililorudi kando ya Stoku.vdi. Video ya kijana, kwa bahati, haikuliharibu: faili la Machi lilikuwa bado na mtoto wake kwenye daftari la VirtualBox, kwa hiyo mashine mpya ilipewa faili lake la tofauti pembeni badala ya kuandika juu ya mzazi. Lingeandikwa juu, mnyororo ungekatika na hata lile lililorudi lingekuwa bure.

Debian ikawaka ikilia. fsck, programu ya Linux ya kukagua diski, ilipita ikatengeneza mengi. PostgreSQL ikakataa: kurasa za majedwali mawili, moja likiwa la madeni, zilikuwa zimeliwa. Nilijaribu kuzikwepa kwa muda wa saa moja hivi, nikaacha. Ndipo nikakumbuka nakala za jioni. Zile zile nilizoziweka mahali pabaya, zile zile zilizonenepesha faili. Zilikuwa saba, na kwa sababu kila moja ilikuwa imeandikwa sehemu tofauti ya diski, hazikuliwa sawasawa. Nikazipima moja moja kwa gzip -t, amri inayokagua kama faili lililokandamizwa ni zima. Tatu zilikuwa mbovu, pamoja na ya Jumatatu. Nne nzima. Iliyo mpya kuliko zote kati ya nzima ilikuwa ya Jumamosi jioni.

Jumapili depo hufungwa. Tulipoteza Jumatatu, Jumanne hadi saa tisa, na vurugu ya Jumatano asubuhi. Siku mbili badala ya miezi saba. Sijivuni nazo, ni bahati iliyojengwa juu ya mpango mbovu.

Kuzirudisha siku hizo mbili kulichukua Alhamisi nzima. Dawa zenyewe hazikutusumbua: unahesabu rafu, na kundi na tarehe ya kuisha vimeandikwa kwenye kasha. Madeni hayahesabiki rafuni. Kwa bahati wauzaji wana kitabu cha kaboni ambacho Mama alikataa kukiacha hata kompyuta ilipokuja, na mimi mwaka wa kwanza nilimwambia ni kupoteza karatasi. Wakasoma kwa sauti, mpwa akaandika, mhasibu akakagua. Fakitire za Jumatano zenye namba zilizorudiwa zilipewa herufi B, na wateja wakapigiwa simu.

Sasa yule mgeni wa nne. Kuna kijana wa chuo aliyefanya staji ya miezi mitatu pale, akaruhusiwa kujifunzia kwenye kisanduku jioni. Alijiundia Ubuntu yake ya GB 44, sawa. Kisha akasakinisha Docker, programu ya kuendesha programu nyingine kila moja kwenye kasha lake, juu ya Windows, nayo ikawasha Hyper-V, mgawanyaji wa kompyuta wa Microsoft wenyewe. Hyper-V ikishika vile vipengele vya prosesa ambavyo Intel iliviingiza tangu 2005 kwa ajili ya kazi hii, VirtualBox haivifikii tena moja kwa moja. Inapita mgongoni mwa Hyper-V na kwenda polepole. Inakuambia pia: kwenye ukingo wa chini wa dirisha la mgeni anakaa kobe wa kijani.

Kobe huyo alikuwa pale tangu Juni. Na Julai, Mama aliponiambia Stoku imekuwa nzito, nilikuja, nikaona RAM ya GB 8 imebanwa, nikamuuzia nyingine za kufikisha 16. Sikutazama chini ya dirisha. Uzito ulipungua kidogo, nikalipwa, nikaondoka. RAM ndiyo jibu letu mafundi wa mjini kwa kila kitu, kama malaria kwa kila homa. Kumbe kulikuwa na kobe, na nyuma ya kobe kulikuwa na diski: inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde, na kila ombi la mahali papya lisubiri nusu mzunguko pamoja na mwendo wa mkono wake, hivyo haitoi zaidi ya maombi 80 hivi kwa sekunde ya kurukaruka. Wageni wanne na Windows wakigombania hayo 80, ukiongeza RAM umeongeza viti kwenye chumba chenye mlango mmoja mwembamba.

Nilizima Hyper-V kwa bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, nikawasha upya, kobe akaondoka. Docker ya kijana inaweza kuishi ndani ya Ubuntu yake bila kumsumbua mtu.

Mwenzangu mmoja wa mjini anasema kosa ni VirtualBox na Windows. Ningeweka Proxmox, inayokaa moja kwa moja juu ya chuma, ikitumia KVM, mgawanyaji uliomo ndani ya Linux. Kwa kasi yuko sahihi. Lakini Proxmox nayo ina foto zake, na foto iliyosahauliwa ni foto iliyosahauliwa. Zaidi ya hapo, siku niko Kolwezi, nani pale atafungua ukurasa wake? Windows mpwa anaijua, hata kama ndiyo iliyomkubalia kufuta.

Tulichobadilisha hakikuwa kingi. SSD ya TB 1 ilinunuliwa hatimaye, na kwa kuwa sasa najua haitatusamehe, nakala zinatoka nje kabla ya kitu kingine chochote. Saa kumi na moja na nusu jioni hifadhidata inatolewa kama zamani, lakini sasa inaandikwa kwenye diski ndogo ya nje. Ziko mbili, zimeandikwa A na B kwa kalamu nyeupe. Moja imechomekwa, nyingine iko kwenye mkoba wa Mama, zinabadilishana kila siku. Jumamosi naichukua moja, nairudisha kwenye mashine tupu nyumbani kwangu, nahesabu fakitire za wiki na kumtumia Mama idadi kwa simu. Ikilingana na kitabu cha kaboni, sawa.

Foto bado napiga, ila jina lake sasa ni tarehe ya kufa: "ifutwe 14". Ya kwanza niliyoifuta baada ya siku mbili ilichukua chini ya dakika moja kuungana. Neno lenyewe nimeliacha mbele ya wateja. Nasema "mstari": nimechora mstari, nitaufuta Ijumaa.

Jambo jingine nililirekebisha kwa sababu ya umeme, ingawa safari hii halikuwa na hatia. PostgreSQL ikikamilisha mauzo huiomba diski iandike kweli, isiseme tu imeandika. VirtualBox, ikiachwa ilivyo, huyapuuza maombi hayo kwa ajili ya kasi. Mgeni anaamini fakitire iko kwenye diski kumbe ingali kwenye RAM ya mwenyeji. Umeme ukienda na inveta ikachelewa kushika, imekwenda nayo. Kuna mpangilio, IgnoreFlush, unaowekwa kuwa 0 kwa kila diski ya mgeni. Kwenye diski ya zamani ungesikika kwa uzito. Kwenye SSD wauzaji hawakutambua. Onduleri ndogo nayo sasa imeunganishwa kwa waya wa USB, betri yake ikishuka Stoku anapigiwa kitufe cha kuzimika kwa adabu.

Mama aliuliza kuhusu malipo ya siku zile. Nilitoa thamani ya zile RAM za Julai kwenye malipo hayo, akanitazama, akasema RAM zinafanya kazi, zikae; nitoe za petroli tu. Tukakubaliana hapo.

Lilibaki jambo moja. Kwenye kitabu cha kaboni, karatasi ya nane ya Jumatatu ilichanwa vibaya na nakala yake haisomeki: jina la zahanati ya Likasi linaonekana, jumla haionekani, na ni deni. Mama alikumbuka dola 380. Akapiga simu Likasi, akawaeleza wazi kwamba mashine imepoteza, wao wana karatasi, yeye hana. Ijumaa dereva wa basi akaleta bahasha ya kaki, ndani yake fotokopi iliyokunjwa mara nne. Dola 412.